Akiba ya dharura kwa wanawake wa soko la samaki nayo ni kinga dhidi ya UKIMWI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, limekuwa likiachwa pembeni kila tunapojadili UKIMWI hapa Tanga, nalo ni akiba ya mwanamke anayeishi kwa mtaji wa siku moja. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023, ambao matokeo yake yalitangazwa Desemba 1, 2023, ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi vya UKIMWI, na kwamba kiwango hicho ni asilimia 5.6 kwa wanawake na asilimia 3.0 kwa wanaume. Zipo sababu za kimaumbile zinazochangia tofauti hiyo, nazikubali. Hata hivyo ipo pia sababu ya mfuko mtupu, na hiyo haitibiwi kwa semina wala kwa fulana za Siku ya UKIMWI Duniani.

Naandika nikiwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wengi wanategemea samaki: mama karanga wanaonunua mnadani Deep Sea na kukaanga, wanaoanika dagaa, na mama lishe wanaowauzia wavuvi chai na chapati alfajiri. Mapato ya watu hawa yanafuata mwezi na upepo. Wakati wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zinapowaka baharini, fedha huonekana. Mbalamwezi ikiingia, vyombo vingi hupumzika, na mama aliyezoea kuzungusha elfu thelathini anajikuta anakula mtaji wenyewe. Upepo wa kusi unapochachamaa kati ya Juni na Agosti, hali huwa ngumu zaidi kwa kuwa vyombo vidogo haviendi mbali. Katika siku kama hizo mtoto akipata homa, sera inasema wazi kuwa aliye chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini nauli ya bodaboda usiku na dawa iliyoandikwa ikanunuliwe dukani hazina sera. Fedha inatakiwa usiku uleule, na mara nyingi aliye nayo usiku huo ni mwanamume.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini huko jirani. Wachumi Jonathan Robinson na Ethan Yeh waliwafuatilia wanawake wa Busia, magharibi mwa Kenya, waliokuwa wakipata kipato kwa ngono, wakawaomba waandike kumbukumbu zao siku baada ya siku. Katika makala waliyochapisha mwaka 2011 walionyesha kuwa siku ambayo mtu wa nyumbani, kwa kawaida mtoto, anaugua, uwezekano wa mwanamke kufanya ngono bila kinga ulipanda kwa asilimia 19.1, kwa sababu mteja asiyetaka kondomu hulipa zaidi. Wanawake wale walijua kondomu ni nini, na pengine walijua kuliko mimi ninayeandika. Walichokosa siku hiyo ni fedha ya dawa iliyotoka mahali pengine.

Sisemi kwamba wanawake wa soko letu wanafanya biashara hiyo, na atakayenisoma hivyo atakuwa amenionea. Njia lakini ni ileile hata pale ambapo hakuna anayeiita biashara. Yupo mwenye chombo anayempa samaki kwanza yule anayemtaka, wengine wakasubiri mpaka bei ipande. Yupo mwenye duka anayekopesha unga leo na kuja kudai kesho kwa namna yake. Na yupo rafiki wa mbali anayekumbukwa tu mtoto akiugua. Mwanamke mwenye elfu ishirini zake anaweza kumjibu kila mmoja wao anavyotaka mwenyewe.

Itasemwa kwamba vikundi tunavyo tayari, na ni kweli. Upatu tumeurithi, kibubu kila nyumba inakijua, na VICOBA vimeenea mpaka vichochoroni Ngamiani. Sisi wenyewe tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na kila mwanachama ana kijitabu kinachogongwa muhuri kwa kila hisa anayonunua. Mwisho wa mzunguko tunavunja kikundi na kugawana. Utaratibu huu umewajengea watu vyumba na kuwalipia watoto ada, siubezi hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba unamlinda mwanachama asiitumie fedha yake ovyo kwa kumzuia asiitumie kabisa, hata siku ambayo matumizi yenyewe ndiyo akili. Mwaka jana, katikati ya kusi, mwanachama mmoja alinijia jioni ya Jumanne akihitaji elfu ishirini kwa ajili ya mtoto, huku kijitabu chake kikiwa na hisa zinazozidi laki moja na nusu. Katiba yetu inasema sanduku hufunguliwa Jumamosi mbele ya wanachama wote, hisa hazitolewi kabla ya mgao, na mfuko wa jamii ni kwa misiba na kulazwa hospitali. Akaniuliza: "Bi mkubwa, hizo fedha ni zangu au ni za katiba?" Swali lake lilikuwa la haki. Yeye alikimbilia kausha damu, yaani mkopo wa haraka wenye riba kubwa, akawa anatoa rejesho kila siku mpaka msimu ukaisha. Wengine hukimbilia kwingine, ambako rejesho haliandikwi kwenye daftari lolote.

Wachumi wengine wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson huyohuyo, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya wakishirikiana na vikundi vya upatu, na makala yao ilitoka mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku tu cha kuwekea fedha za afya, chenye kufuli na ufunguo wake mwenyewe. Hilo pekee, bila zawadi wala nyongeza yoyote, liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kuifunga fedha ili itumike kwa jambo moja tu kulisaidia pale fedha hiyo ilipohifadhiwa kwa ajili ya dharura, na kwa wale wanaosumbuliwa sana na maombi ya ndugu na marafiki, hali ambayo msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa. Baadaye Kelly Jones na Erick Gong walijaribu kwa wanawake wa Kenya akiba ya simu iliyotengwa kwa jina la dharura na malengo binafsi, na makala yao ya mwaka 2021 inaeleza kuwa akiba ya simu iliongezeka, wanawake wakapunguza kutumia ngono kama njia ya kukabili shida ya ghafla, na dalili za magonjwa ya zinaa zikapungua. Kwangu mimi utafiti huu wa mwisho ndio wenye uzito kuliko yote, kwa kuwa haukumfundisha mwanamke chochote kuhusu mwili wake. Ulimpa mahali pa kuweka fedha na jina la kuiita.

Pendekezo langu ni kwamba kila kikundi cha soko la samaki kiwe na fungu la dharura lililo mbali kabisa na hisa, kila mwanachama akiwa na lake kwa jina lake, kwenye simu yake au kwenye kisanduku chake, na kwamba liongezewe motisha kutoka nje ya kikundi. Nyongeza ya namna hiyo si jambo geni katika nchi zetu. Nchini Uganda, katika miradi ya Suubi iliyoongozwa na Profesa Fred Ssewamala, watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI walifunguliwa akaunti za benki, na kila shilingi waliyoweka iliongezewa shilingi mbili kwa ajili ya masomo au biashara ndogo. Baadaye mpango wa aina hiyo ulitumiwa kwa vijana wanaoishi na virusi, na ukawasaidia wengi zaidi kuvifubaza.

Hapa lakini pana mtego ambao nimeuona kwa wanaobuni miradi wakiwa ofisini. Fikra ya kwanza ya kila mtu ni kumzawadia yule ambaye mwisho wa msimu ana salio kubwa. Ukifanya hivyo umemwadhibu mama aliyeitoa fedha yake usiku wa homa, yaani umemwadhibu yule hasa ambaye mpango ulimkusudia, na msimu ujao atasita kuigusa na kurudi kulekule tulikotaka kumtoa. Nyongeza ihesabiwe kwa kile alichoweka, isihesabiwe kwa kile kilichobaki. Mjanja anaweza kuweka asubuhi na kutoa jioni ili ajipatie nyongeza mara kumi, hilo nalijua, nimekaa na masanduku muda wa kutosha kuwajua wajanja wote. Dawa yake ni kuhesabu mara moja tu kwa wiki, kuweka kikomo cha juu, na kulipa nyongeza kusi inapokwisha. Kutoa fedha kusihitaji kikao, sahihi wala maelezo, kwa sababu mwanamke akilazimika kueleza shida yake mbele ya watu ishirini na watano, ataona heri amweleze mmoja tu aliye gizani.

Kuhusu ukubwa wa motisha, somo letu wenyewe lipo Kilombero. Kuanzia mwaka 2009, watafiti wakishirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara waliwapima magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi minne vijana wa vijijini wenye umri wa miaka 18 hadi 30, na kuwalipa waliokutwa salama. Kundi moja lililipwa shilingi 10,000 kwa kila awamu na jingine shilingi 20,000. Baada ya mwaka mmoja, waliolipwa 20,000 walikuwa na maambukizi pungufu kwa takriban robo wakilinganishwa na wasiolipwa. Kwa waliolipwa 10,000 hakuna tofauti ya maana iliyoonekana. Kwa hiyo wanaofikiria kuleta kipande cha sabuni na leso kama motisha wabaki nazo. Kiasi kiwe cha kutikisa uamuzi, na kama fedha hazitoshi basi wanufaika wawe wachache kwa kuanzia.

Kilombero walilipa kwa matokeo ya kipimo, na Lesotho vilevile, ambako waliopimwa na kukutwa hawana magonjwa mawili ya zinaa yanayotibika waliingizwa kwenye bahati nasibu, na katika miaka miwili maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yakapungua kwa asilimia 21.4. Matokeo hayo ni makubwa, na ninawapongeza kwa kutoweka sharti kwenye kipimo cha UKIMWI chenyewe. Pamoja na hayo, siungi mkono kulipia vipimo katika vikundi vyetu. Utafiti una wauguzi wake, bahasha zake zilizofungwa na watu wanaoondoka baada ya kazi. Kikundi kina majirani. Katika mtaa ambao kila mtu anajua nani kanunua gesi na nani bado anapikia mkaa, mwanachama aliyekosa zawadi ya mwezi huu atakuwa ameshatangazwa kabla hajafika nyumbani, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya majibu itabaki kwenye makaratasi. Akiba haina aibu hiyo. Mtu anayeishi na virusi na asiyeishi navyo wote wanaweza kuweka, kutoa na kupata nyongeza ileile, na fedha ya nauli ya kwenda kuchukua ARV ni dharura sawa na homa ya mtoto.

Lipo pia jaribio ambalo halikufaulu, na ni vizuri lisomwe pamoja na lililofaulu. Huko Malawi, wilayani Zomba, wasichana wa shule ambao wao na familia zao walipewa fedha kila mwezi walikutwa na maambukizi ya asilimia 1.2 baada ya miezi 18, ilhali wenzao wasiopewa walikuwa na asilimia 3.0. Afrika Kusini walifanya jambo linalofanana, fedha zikitolewa kwa sharti la kuhudhuria shule, na maambukizi hayakutofautiana, kwa kuwa wasichana wa pande zote mbili karibu wote walikuwa wakihudhuria tayari. Motisha inayolipia jambo ambalo watu wanalifanya bila kulipwa hainunui kitu. Ndiyo maana nasisitiza soko la samaki na msimu wa kusi, badala ya mpango wa mkoa mzima ambao utawafikia kwanza wenye mishahara na akaunti za benki.

Wanaume nao wasiachwe. Mvuvi wa dagaa hupata mgao wake asubuhi, mkononi, akiwa hajalala, na anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, hukaa wiki kadhaa mbali na nyumbani akiwa na fedha na bila mtu wa kumuuliza. Kumwambia aje kwenye kikao cha Jumamosi ni kupoteza muda, maana Jumamosi fedha hiyo haipo. Mwekaji wake lazima awe palepale mgao unapofanyika, chombo kinapomaliza kupiga hesabu ya mafuta na ya mwenye nyavu, kabla mtu hajavuka barabara. Manahodha wachache wenye busara huwawekea vijana wao sehemu ya mgao kwa hiari. Motisha ingeanza kwa kuwafuata hao, wala si kwa kuwatungia mfumo mpya.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza kama nyongeza hii si riba. Masheikh wetu ndio wenye kulisemea hilo, na ningependa waulizwe mapema, kabla ya mabango kuchapishwa. Ninavyoelewa mimi, hapa hakuna mkopo: ni hiba anayoitoa mtu wa tatu kwa anayejiwekea, na kikundi hakimdai mtu kitu. Wapo watakaosema kwamba tunawalipa watu wawe na tabia njema. Hao niwakumbushe kwamba mwenye kipato cha mwezi amewekewa mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii tangu zamani, na hakuna anayedai kuwa analipwa kwa uadilifu. Kuhusu waume wanaotaka kujua salio la wake zao sina jibu jepesi, ila ndiyo sababu nyingine ya fungu hili kuwa la mtu binafsi, na namba ya siri kubaki siri kweli.

Swali la fedha ndilo gumu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ni mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni msaada mzuri, lakini mkopo unarejeshwa, na mwanamke mwenye mtaji wa elfu thelathini hatafuti deni jingine wakati wa kusi. Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI ulianzishwa kisheria mwaka 2015 ili nchi ipunguze kutegemea wafadhili, na tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 kila mtu ameona kwa nini mfuko huo ulihitajika. Sehemu ndogo ya fedha zake ikielekezwa huku, haitajenga ofisi mpya: vikundi vimekwisha kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, halmashauri ina orodha yake, na maofisa maendeleo ya jamii wanatujua kwa sura.

Ninachoiomba Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya Jiji la Tanga ni jaribio la msimu mmoja wa kusi, katika soko moja, kwa vikundi vitakavyokubali kwa hiari, huku vingine vinavyofanana navyo vikiendelea kama kawaida ili tuweze kulinganisha. Visiulizwe nani ana virusi. Yahesabiwe mambo ambayo daftari na zahanati vinaweza kuhesabu bila kumfichua mtu: ni wiki ngapi watu waliweka, fedha ilitolewa mara ngapi, ni wangapi waliokopa kwa kausha damu msimu huo na msimu uliopita, na kama waliofika kutibiwa magonjwa ya zinaa katika kituo kilicho karibu wameongezeka au wamepungua. Daftari la kikundi chetu, likiwa limeondolewa majina, lipo tayari kwa ofisa yeyote wa kamati atakayetaka kuona hali ilivyokuwa msimu uliopita.

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa,
Tanga.